Mistari Kumi na Miwili na Jina Moja

Nitawapa watu watatu na shamba moja la mizabibu, nanyi kabla hatujaachana mtanipa jina moja tu. Si mawili. Wengine wamejaribu kunipa mawili, nikawarudishia.

Watu wenyewe ni hawa.

Wa kwanza ni Elimeleki Chidong'a, mwana wa Zefania, wa kijiji cha Chimagulu, upande wa Dodoma. Nasema mwana wa Zefania kwa sababu palikuwa na Elimeleki Chidong'a mwingine ng'ambo ya korongo, na huyo hakuweza kukata hata mkate. Huyu wetu alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini, na kipaji chake kilikuwa mkononi. Alipoziacha nguo akaingia kwenye mizabibu, aliikata vilevile alivyokata suti: aliuzunguka mzabibu mara moja kama anayempima mteja mnene, akakohoa, kisha mkasi ukaanza kazi. Kila tawi alilibakizia macho yanayotakiwa, akaliinamisha na kulifunga kwenye waya, ili nguvu yote isikimbilie nchani. Jicho la mzabibu, kwa asiyejua, ni kile kinundu kidogo cha kwenye tawi ambamo chipukizi hulala kabla ya kutoka.

Wa pili ni Roda Mbeleje, mke wa Stefano, aliyeuza chakula sokoni. Kipaji chake kilikuwa puani. Akipita nyuma ya nyumba yako angeweza kukuambia kwamba maharage yako yataungua baada ya muda mfupi, na yakaungua. Bwana shamba mmoja alikuwa amemwambia kwamba maji ya kitunguu saumu, yakipakwa kwenye jicho la mzabibu uliokatwa karibuni, hulishtua jicho likaamka. Roda hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikuwa akiamini tangu zamani kwamba hakuna kilicholala ambacho kitunguu saumu hakiwezi kukiamsha, na kama ushahidi alimtaja Stefano.

Wa tatu ni Festo Masinga, mshika koki ya maji. Watu walimwita Mkavu, lakini nyuma ya mgongo wake, nami nitamwita kwa jina alilobatizwa. Kipaji chake kilikuwa kunyima. Msicheke, ni kipaji kama kingine. Ukimwamkia "Shikamoo," alijibu "Mara," na "haba" akaiweka kwa ajili ya siku nyingine. Wageni wakija kwake, chumvi ilifungiwa kabatini kabla ya viti kutolewa. Ndiyo maana kamati ya maji ilimkabidhi ufunguo wa koki: walijua hakuna mtu atakayemlainisha.

Sasa shamba.

Lilikuwa shamba la Damari Chilewa, mjane wa Lameki Chilewa, lenye mistari kumi na miwili ya zabibu nyekundu. Katika skimu ya Chimagulu maji yaligawiwa kwa zamu, Jumanne na Ijumaa. Ezekia Nhonya, mwenye sauti kuliko wote, alipanda juu ya tangi akaita kila shamba kwa jina la mtu aliyeliokoa kutoka porini. Akiita "Maji ya Chilewa!", mwenye shamba aliitikia "Yaje!", na Festo akafungua koki. Bila jina hakuna mwitikio, na bila mwitikio hakuna maji. Lameki alikuwa amekufa miaka mitano iliyopita, lakini kila Jumanne na kila Ijumaa jina lake lilipita juu ya kijiji kizima, na mkewe akaliitikia kwa niaba yake.

Shida ilikuwa usingizi. Ile miezi ya baridi na upepo, mizabibu ya Damari ikishakatwa, macho yaliamka kila moja kwa wakati wake. Moja leo, jingine wiki ijayo, jingine likaendelea kulala kama mtu aliyeoa karibuni. Zabibu zikaiva hivyohivyo: kwenye mti mmoja unakuta nyeusi, nyekundu, na nyingine bado za kijani, ngumu kama njegere. Gari la kiwanda cha mvinyo lilifika mara moja tu kwa msimu, na halikutaka mchanganyiko. Lilikuwa limemkatalia misimu miwili mfululizo. Kanuni ya skimu ilikuwa fupi: ukikataliwa misimu mitatu, shamba anapewa mwingine.

"Tumia dawa ya fuvu," watu walimshauri. Ilikuwa dawa kali yenye picha ya fuvu kwenye chupa. Ukiipulizia, macho yote yalifunguka kwa pamoja, hilo ni kweli.

"Haitaingia kwangu," alisema Damari.

Alikuwa na sababu. Lameki aliwahi kuipulizia. Kwenye chupa paliandikwa kwamba mpuliziaji asiguse pombe siku kadhaa kabla na baada ya kazi. Lameki alisoma, maana alikuwa msomaji mzuri, ila alidhani maneno yale yameandikwa na walokole. Jioni ileile akanywa vikombe viwili. Uso ukawa mwekundu kama nyanya, moyo ukakimbia kuliko mwenyewe, na wanaume wanne wakambeba hadi zahanati huku akiwaaga mmoja mmoja kwa majina. Hakufa siku hiyo. Alikufa miaka mingi baadaye kwa jambo jingine kabisa. Lakini Damari alikuwa amekwisha kulia mara moja, na hakutaka mwingine abebwe kutoka shambani mwake.

Basi akasimama kwenye mkutano wa skimu akasema, "Atakayeamsha macho yangu yote kwa pamoja, bila dawa ya fuvu, shamba litaitwa kwa jina lake."

Ezekia Nhonya akavua kofia.

"Mama Damari, umefikiri? Nikishaanza kuita jina jipya, la zamani silirudii. Koo langu si kinanda."

"Nimefikiri. Jina likibaki na shamba likaondoka, utaliitia wapi?"

Elimeleki akanyanyua mkono. Roda akanyanyua mkono. Festo alinyanyua kidole kimoja, maana aliona mkono mzima ni mwingi.

Damari akawagawia mistari minne minne. Ili kusiwe na ugomvi alichana vipande vya kanga zake kuukuu: vyekundu akavifunga kwenye mistari ya Elimeleki, vya bluu kwenye mistari ya Roda, vya maua ya njano kwenye mistari ya Festo. Kila mtu akapewa mwezi mmoja. Wakaagana kwa adabu kama watu wasiotakiana mema.

Siku mbili baadaye vitambaa vyote havikuwapo.

Aliyevitoa nitamtaja wakati wake. Kwa sasa jueni tu kwamba hakuna aliyeuliza. Aliyefika shambani akazikuta nguzo tupu alisema moyoni, "Wenzangu wamevitoa ili kuniibia mistari." Na kila mmoja, ili asipoteze hata mstari mmoja wa kwake, akaamua kufanya yote kumi na miwili. Damari aliona. Alinyamaza, kwa hofu kwamba akimuuliza mmoja, watatu wote watasusa.

Festo Masinga ndiye aliyeanza, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutofanya. Alikuwa amepanga kuziba mifereji minne kwa udongo, mfereji kwa mfereji. Lakini sasa hakujua ni ipi, na udongo ni mzito, na koki ya shamba lile ilikuwa moja. Akaifunga. Ezekia akaita "Maji ya Chilewa!", Damari akaitikia "Yaje!", na yasije. Wiki ya kwanza majani yalilegea. Wiki ya pili yakawa manjano. Wiki ya tatu yakaanguka yote, na mizabibu ikasimama mitupu mbele ya watu.

Damari akamfuata kwenye koki.

"Shemeji Festo, fungua kidogo. Majani yamekwisha."

"Ndivyo nilivyotaka."

"Inakufa!"

"Haifi, imekasirika. Mzabibu ukishiba maji haulali wala hauamki, unakaa tu kama Stefano wa Roda. Nyima kwanza. Kisha siku ukiupa, utaona."

"Basi nipe ndoo moja tu, ya kutuliza moyo wangu."

"Shemeji, mama yangu mzazi hajapata ndoo nzima kutoka mkononi mwangu."

Damari akarudi nyumbani, akalala na kiatu kimoja mguuni.

Elimeleki Chidong'a akaja alfajiri ya siku ya ishirini na mbili tangu koki ifungwe, mkasi umenolewa. Alikuwa amepanga kukata mistari minne kwa utulivu. Alikata kumi na miwili kwa siku moja, bila kula, akizunguka kila mti na kukohoa. Matawi yaliyosinyaa akayaondoa, mazuri akayabakiza, kila moja na macho yake, akayainamisha na kuyafunga kwenye waya. Jioni rundo la matawi lilikuwa refu kuliko yeye.

"Fundi," Damari akasema, akishika kichwa, "umeniachia vijiti."

"Mama, ningekuachia kitambaa kingi ungesema nimekushonea gunia."

"Lakini ile mikubwa, mirefu..."

"Ile ilikuwa mikono bila mwili. Mimi nimekuachia kiuno."

Roda Mbeleje akaja kesho yake kabla vidonda vya matawi havijakauka. Alikuwa amepanga kutwanga kitunguu saumu cha mistari minne, kikombe kwa kikombe. Alitwanga cha kumi na miwili. Alinunua chote kilichokuwapo sokoni, hata wiki ile Chimagulu nzima ilikula nyama isiyo na ladha. Akakitwanga kwenye kinu, akachanganya na maji na mafuta kidogo ya kupikia, akachuja kwa kitambaa, akaenda na brashi ya kupakia rangi, jicho kwa jicho, akizungumza nayo: "Amka wewe. Na wewe. Usijifanye hunisikii." Mbuzi waliokuwa wakikatiza pale walibadilisha njia. Hata Jumapili iliyofuata, kanisani, Roda alikaa peke yake kwenye benchi la watu wanane, na mahubiri yakawa mafupi kuliko yalivyopata kuwa tangu kanisa lijengwe.

Kesho yake baada ya kupaka ilikuwa Jumanne. Ezekia akaita, Damari akaitikia bila matumaini, na Festo, ambaye alikuwa akihesabu siku zake mwenyewe, akafungua koki yote. Walioshuhudia wanasema alifumba macho asione.

Siku ya kumi na mbili baada ya maji hayo, hakuna kitu. Siku ya kumi na tatu Damari alipita mstari kwa mstari akigusa macho kwa kidole, kama mtu anayeamsha mgonjwa na kuogopa jibu. Alikuwa amekwisha kuanza kufunga vyombo vyake vya shambani: jembe, ndoo, kofia ya Lameki.

Siku ya kumi na nne, saa moja asubuhi, macho yote yalifunguka. Si karibu yote. Mistari yote kumi na miwili, kutoka nguzo hadi nguzo, kama watoto wa shule waliosikia kengele. Damari akapiga kelele, majirani wakaja wakidhani ni nyoka.

Miezi ikapita. Zabibu zikaiva kwa pamoja, nyeusi moja kwa moja. Gari la kiwanda likaja, mkaguzi akaonja kutoka mstari wa kwanza, wa sita na wa kumi na mbili, akatafuta cha kulalamikia akakosa, akalalamikia barabara. Akachukua zote. Shamba likabaki kwa Damari.

Na hapo ndipo shida ilipoanza.

"Lile shamba liitwe Chidong'a," alisema Elimeleki mkutanoni. "Mzabibu usiokatwa una macho mia, nani atayaamsha yote? Mimi ndiye niliyechagua yapi yaamke. Mwenzangu alipaka dawa, alipaka wapi? Nilipomwachia mimi."

"Liitwe Mbeleje," alisema Roda. "Ulimwachia macho yaliyolala, fundi. Kukata si kuamsha. Nikikukata nywele utaamka? Mimi ndiye niliyeyashtua, moja moja, mpaka leo Stefano halali chumba kimoja na mimi."

"Liitwe Masinga," alisema Festo, na akaishia hapo.

"Huna sababu?" akauliza Ezekia.

Festo alifikiri kama inafaa kuitoa. "Ninyi mlimgusa mgonjwa. Mimi ndiye niliyemlaza, na mimi ndiye niliyemwamsha. Bila kiu, mngekata na kupaka mizabibu iliyoshiba. Bila maji ya Jumanne ile, macho yangefunguka yakakauka."

"Wewe ulikaa tu!" Roda akamaka. "Kukaa ni kazi?"

"Jaribu kukaa siku ishirini na tatu huku mjane analia mbele yako. Uone kama si kazi."

Watu wakacheka, lakini Damari hakucheka, maana ilikuwa kweli kwamba alilia.

Msidhani kwamba mmoja wao angeweza peke yake. Kila mmoja alikuwa na shamba lake, na msimu uleule kila mmoja alitumia kipaji chake huko. Kwa Elimeleki miti ilikuwa mizuri kama maharusi, na nusu ya macho haikufunguka. Kwa Roda macho yalifunguka upesi kwenye matawi mabovu, likatoka pori lisilo na zabibu. Kwa Festo miti ilikaa na kiu, ikapewa maji, ikaamka kwa hasira, kila mmoja kwa siku yake. Wote watatu walikataliwa na gari. Hilo hawakulitaja mkutanoni, nalitaja mimi.

Ezekia alikuwa anakaribia kuahirisha mkutano, Festo aliposimama ili akae vizuri zaidi. Roda akamtazama nyuma.

"Geuka," akasema.

"Nigeuke kwa nini?"

"Festo Masinga, geuka!"

Akageuka. Suruali yake ilikuwa na viraka vipya. Kimoja chekundu, kimoja cha bluu, na katikati, mahali pa kukalia, maua ya njano.

"Kanga zangu!" akasema Damari.

"Mlivifunga juani," Festo akajitetea, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema maneno mengi bila kuombwa. "Kitambaa kizuri kinapauka bure kwenye nguzo! Niliumia. Nilivitoa ili visiharibike. Nilidhani nitakumbuka mistari. Nilivikumbuka vitambaa, mistari nikaisahau."

"Mwizi," alisema Elimeleki, aliyekuwa akivitazama viraka kwa jicho la ufundi. "Tena mshono mbaya."

"Kumbe ni wewe uliyetaka kutuibia mistari!" Roda akasema. "Huyu hastahili hata kutajwa!"

Festo akaketi juu ya ushahidi. "Sawa. Na kama nisingevitoa? Fundi angekata minne. Roda angepaka mingine minne. Mimi ningenyima minne iliyobaki. Hakuna mti ambao ungepata vyote vitatu. Gari lingekataa, na mama huyu leo angekuwa amehama. Kiraka hiki ndicho kilichowakutanisha."

Mkutano mzima ukamgeukia Damari.

"Sikukusudia mkutanishwe na suruali," akasema. "Lakini siwezi kusema anadanganya."

Mtu mmoja akapendekeza majina yaunganishwe. Ezekia Nhonya akajaribu papo hapo, "Maji ya Chidong'a-Mbeleje-Masinga!", akakohoa, akasema kabla hajamaliza kuliita zamu itakuwa imepita, tena daftari la skimu lina mstari mmoja kwa shamba moja. Mwingine akasema liitwe Damari. Damari akakataa: hakuamsha kitu, alilia tu. Na wa mwisho, kwa sauti ya chini, akasema libaki Chilewa.

"Nilitoa neno langu mbele yenu," alisema Damari. "Mume wangu hakuwahi kuvunja neno lake, hata lile la kuacha pombe, ingawa alichelewa kulianza. Sitavunja langu mimi kwa ajili ya jina lake. Nitajieni mmoja, nimwitikie."

Jumanne ikafika. Zabibu zilikuwa zimechumwa, udongo umepasuka, na miti ilihitaji maji siku ile, si Ijumaa. Ezekia Nhonya akapanda juu ya tangi. Elimeleki Chidong'a alisimama upande huu, amevaa koti alilojishonea mwenyewe. Roda Mbeleje alisimama upande ule, na watu walimwachia nafasi. Festo Masinga alishika ufunguo wa koki kwa mikono miwili. Bila jina hakuna mwitikio, na bila mwitikio hafungui, hata kama jina lenyewe litakuwa lake. Damari alikuwa kwenye kichwa cha mfereji, mdomo tayari kwa "Yaje!", akisubiri kujua kwa mara ya kwanza anamwitikia nani.

Ezekia akajaza kifua pumzi.

"Maji ya...!" akaita, kisha akainama na kututazama sisi tuliokuwa chini.

Yuko pale juu bado, na pumzi yake si ya milele. Mkono uliochagua macho, pua iliyoyaamsha, au mnyimaji aliyeyatia kiu na kuiba vitambaa? Wewe unayesikiliza, mwambie amwite nani, na useme kwa sauti, maana miti nayo inasubiri.